Kulia, Kushoto, Hazadi

Tangu nirudi Bariadi, kazi yangu ni kusimama nyuma ya magari ya watu na kusema "inawaka."

Usiicheke. Shemeji yangu Kija ni fundi umeme wa magari, na hakuna fundi anayeweza kukaa kwenye usukani na papo hapo awe nyuma anatazama taa. Kwa hiyo yeye anakaa mbele, anasukuma kijiti cha indiketa, anaita, "Kulia." Mimi nyuma nainama, naweka kiganja juu ya kioo cha taa kukinga jua, maana kwa jua letu la mchana taa inayowaka na taa iliyokufa zote sura moja. Kisha naitikia, "Inawaka." Anaita kushoto, naitikia. Anaita hazadi, nachungulia pande zote mbili, naitikia. Baada ya hapo narudi kwenye kiti changu cha plastiki nikihema kama mtu aliyelima eka mbili.

Kabla ya cheo hicho nilikuwa dereva wa malori kwa miaka ishirini na miwili. Lubumbashi, Kigali, Bujumbura, huko kote nimelala chini ya tela. Nimerudi nyumbani na vitu vitatu: mgongo unaotabiri mvua, kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichobaki nusu, na kichwa ambacho hakijui tena kulia ni wapi. Kidole nawaambia watu kiliumwa na fisi. Ukweli ni kwamba nilikifungia mwenyewe kwenye mlango wa lori pale Tunduma, nikikimbilia chipsi. Hilo la kulia na kushoto ni deni la Kongo. Ukivuka mpaka unahamia upande mwingine wa barabara, ukirudi unahamia tena, na siku moja kichwa kinakataa kuhama.

Nayasema haya mapema kwa sababu yatahitajika. Na niseme pia kwamba jambo lenyewe halikuanza kwangu. Lilimpata Kija, na mkewe Lucy ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wao Matilda, aliyekuwa na miezi saba.

Mimi nilikuwa nimekwenda kula.

Ilikuwa Alhamisi ya msimu wa pamba, vumbi la malori limetanda mpaka kwenye chai. Saa nne asubuhi aliingia bwana mmoja na Noah nyeupe. Jina lake Gregory, afisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, na alikuwa bado hajatusamehe kwa hilo. Hakusalimia. Alituambia kwamba kila akikata kushoto, taa za hazadi zinawaka zenyewe, na zikishawaka hazizimiki mpaka zitake. Mafundi watatu wameshindwa. Na hilo silo lililomuudhi zaidi. Lililomuudhi ni watu wa barabarani. Huku kwetu gari linalokwenda taratibu mchana na hazadi zinapepesa ni gari la msiba, kwa hiyo kila alikopita wanaume walivua kofia, wanawake walichuchumaa pembeni, na mzee mmoja alisimamisha ng'ombe wake wote mpaka apite.

"Nimekuwa maiti?" alituuliza, kana kwamba sisi ndio tuliomtangaza. Akasema atarudi saa kumi na mbili, na akikuta bado, gari analipeleka Mwanza kwa mafundi wenye akili. Akapanda bodaboda akaondoka.

Kija alifungua kifuniko cha chini ya usukani, akaitoa swichi, akaipima kwa mita pini moja baada ya nyingine. Nzima. Flasha nzima. Fyuzi nzima. Akaanza kuufuata waya kuelekea nyuma, akifunua kapeti, na chini ya siti ya mwisho akakuta waya uliokatika zamani na kuungwa. Haukufungwa kwa tepu. Ulifungwa kwa kipande cha khanga, chekundu na cheusi, kirefu kama mkono, kimekazwa fundo juu ya fundo.

Kija alicheka. Alikikata, akanirushia, akasema nikiweke makumbusho. Nikakitia mfukoni. Akauunga waya vizuri kwa solda, akaufunga kwa tepu, akarudisha kapeti. Saa nane ilikuwa imepita, na upepo ukaleta harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa mama lishe wa ng'ambo. Mimi ni mtu dhaifu. Nilisema narudi baada ya dakika kumi. Nilikaa arobaini.

Yaliyofuata alinieleza Kija.

Alikaa kwenye usukani kupima. Hakutazama kama nimerudi, kwa sababu kila siku nipo. Akaita, "Kulia."

"Inawaka," sauti ikajibu kutoka nyuma.

"Kushoto."

"Inawaka."

Ilikuwa sauti yangu. Hata kule kuhema kwangu kulikuwemo. Kija akabonyeza hazadi, akaita. Kisha sauti ileile ikauliza, sasa ikiwa ndani, kwenye siti ya mwisho, "Tumefika?"

Kija alijua namtania. Mimi humtania kutwa nzima. Akajibu bila kugeuka, "Tumefika, shuka."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukafungwa.

Akatazama kwenye kioo cha pembeni. Aliniona mimi, ng'ambo ya barabara, natoka kwa mama lishe nikichokoa meno.

Nilipofika nilimkuta bado ameshika usukani. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa kwenye mkutano na samaki. Hakucheka. Hazadi zilikuwa zinapepesa. Alizizima. Hazikuzimika. Akatoa ufunguo. Akafungua boneti, akachomoa vichwa vyote viwili vya betri, akavishika mkononi, akanionyesha.

Tik. Tak. Tik. Tak.

Hapo simu yake ikalia. Ilikuwa Lucy. Alikuwa ananong'ona, na Kija akaweka spika nisikie. "Baba Matilda, kuna watu wanatandika mikeka hapa nje. Hawaniambii wamefuata nini."

Kutoka geti la gereji unakata kulia. Kwenye mashine ya kusaga unakata kushoto. Nyumba ya Kija ni ile ya pili. Kulia, kushoto, umefika. Mimi ilinichukua muda kuelewa. Kija alikuwa ameshaanza kurudisha betri.

Tulifika na Noah hiyohiyo, uwanja wa nyumba umejaa. Wanawake wamenyoosha miguu juu ya mikeka, khanga zimefungwa viunoni. Wanaume wameshaleta kuni na kuwasha moto, kwenye jua lile. Wengi ni majirani tunaofahamiana. Niliwaamkia, "Mwadila." Hakuna aliyeitikia. Walinitazama kama wanavyotazamwa wezi wa ng'ombe.

Mayige, muuza mbao wa mtaa huohuo, mtu tunayetaniana naye kila asubuhi, alikuwa amekaa karibu na moto. Nilimuuliza kwa sauti ya chini nani amekufa.

"Wewe ndiye umetuita," alisema. "Umepita nyumba kwa nyumba. Ulisema ni mtoto."

Nikamwambia nilikuwa nakula. Akatema mate pembeni. "Utani mwingine haufai. Tumeshaketi. Tukiketi msibani hatuinuki mpaka tuzike."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Taratibu. Wote kwa pamoja.

Ndani Lucy alikuwa amekaa sakafuni na Matilda mapajani. Mtoto alikuwa wa baridi. Macho wazi, hapepesi. Alikuwa akivuta pumzi ndogo, anaitoa, anavuta. Niliinama nimsikilize, na kupitia dirishani nikasikia taa za Noah pale nje.

Tik, akavuta. Tak, akatoa.

Kija alimnyakua ampeleke hospitali. Mguu ulipovuka kizingiti, pumzi ikakatika. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Alirudi ndani kinyumenyume, na pumzi ikarudi. Akajaribu tena. Ikakatika tena. Mara ya tatu Lucy alimshika mkono, akamzuia.

Nikatoka nje. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbali na mikeka, anaitazama Noah. Sikumfahamu. Wa makamo, mwembamba, uso mkali. Alisema anaitwa Felisita, anaishi upande wa pili wa mji, na kwamba saa tisa kasorobo hivi alisikia sauti ya mwanaume ikimwita dirishani kwa jina.

"Gari hili nalijua," alisema. "Ndilo lililompeleka wifi yangu Ng'washi."

Alinieleza kwa kunong'ona, na hakunitazama hata mara moja. Ng'washi alifia Mwanza miaka miwili nyuma, na walikodi Noah hii, wakati huo ikiwa ya kukodishwa, kumrudisha kwao Zagayu. Kwenye ukoo wao anayeketi na maiti humwambia kila kona: mayu, yaani mama, tunakata kulia, mayu, tunakata kushoto, mpaka uwanjani kwao, na huko ndiko huambiwa amefika. Asipoambiwa, jeneza litafika, yeye hatafika. Kazi hiyo alipewa Felisita. Kwenye njia panda ya mwisho taa za hazadi zikafa. Dereva akamwomba ashuke atazame nyuma, waya ukaonekana umekatika, Felisita akachana khanga yake wakaufunga. Waliharakisha kwa sababu watu walikuwa wanasubiri, na dereva akaondoa gari kabla hajakaa. Aliporudi kwenye siti kona ilikuwa imeshapita.

"Sikumwambia," alisema. "Nikaona aibu kuwaambia wenzangu. Tukazika."

Nikatoa kile kipande mfukoni. Alikitazama, akarudi hatua nyingi nyuma.

"Sasa ameambiwa amefika. Hapa. Kwenye nyumba ya mtoto." Akavuta pumzi. "Mpelekeni kwao kabla jua halijazama. Mwambie kila kona. Sauti iwe moja tu, ile aliyoichukua. Shemeji yako asiseme neno. Usimpe mgongo. Na usimdanganye kona."

Nilimuuliza kama atakuja nasi. Alishaanza kuondoka.

Sasa nitazame vizuri mimi. Mtu asiyejua kulia, nimepewa kazi ya kusema kulia, na mpwa wangu anapumua kwa hesabu ya taa. Tena nikae kinyumenyume, nikiangalia siti ya mwisho, ambapo kulia kwa gari ni kushoto kwangu. Nilifunga kile kipande cha khanga kwenye mkono wa kushoto, mafundo mawili, nikavuta kwa meno. Upande wa khanga ndio kulia. Gari likilalia khanga, yaani likikata upande wake, nasema kulia. Hata punda angeweza.

Kija alifungua mlango wa nyuma wa Noah, akasimama kama anayemsubiri mtu apande. Nikasema, "Mayu, bado hatujafika. Panda twende."

Siti ya mwisho ikabonyea.

Tuliondoka. Uwanjani hakuna aliyeinuka. Mbele ya mashine ya kusaga gari lililalia khanga. "Mayu, tunakata kulia," nikasema.

"Inawaka," siti ikajibu. Kwa sauti yangu.

Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yangu ikitoka kwa mtu anayenichukia.

Barabara ya Lagangabilili ina watu wengi saa hizo. Wenye baiskeli wakashuka. Kofia zikavuliwa. Kwa kawaida hutazama chini gari la msiba likipita. Hawa walinitazama mimi, kupitia kioo, mpaka tukapotea kwenye vumbi. Kushoto, nikasema. Inawaka. Tukaacha lami. Kulia. Inawaka. Lucy alikuwa kwenye simu mfukoni mwa Kija, hasemi, tunasikia pumzi za mtoto tu. Zilikuwa zinaenda na taa. Zilikuwa zinapungua.

Kulia tena. Inawaka.

Kila jibu lilikuwa karibu zaidi. Lile la mwisho lilinigusa usoni. Lilikuwa na harufu ya samaki wa kukaanga.

Jasho liliniingia machoni. Nilifumba, nikafumbua. Ilikuwa ile njia panda ya mwisho. Upande mmoja kulikuwa na kaya ya watu, mtama umeanikwa uwanjani, na mzee aliyesimama katikati yake akavua kofia, akainua mkono. Gari likapunguza mwendo. Likalalia khanga.

"Mayu," nikasema, "tunakata kulia."

Tik. Tak.

"Tumefika?" siti ikauliza.

Niliuma ulimi. Sikujibu. Kija mbele hakujibu, namwapia, nilikuwa naona kivuli chake kwenye kioo cha nyuma, hakufungua mdomo. Lakini sauti ya Kija ilijibu. Ilitoka palepale kwenye siti.

"Tumefika, shuka."

Mlango wa nyuma ukafunguka gari likiwa kwenye mwendo. Ukafungwa. Siti ikainuka. Hazadi zikazimika, na ndani ya simu Matilda akalia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa na hasira.

Kija alisimamisha gari, akalaza kichwa kwenye usukani akalia naye. Lucy alikuwa anaongea kwa haraka. Ananyonya, anasema, ananyonya. Kisha akashusha sauti. "Kaka, wameinuka wote mara moja. Wanakunja mikeka. Hawajaniaga. Mayige amesema tu msiba umehama."

Nikauliza umehamia wapi. Hakujua.

Nikatazama mikono yangu. Khanga ilikuwa kwenye mkono wa kulia. Mkono wa kidole nusu. Fundo juu ya fundo, limekazwa vile nilivyolikuta kwenye waya. Nikatazama nyuma, kupitia kioo, njia panda tuliyoiacha. Zagayu ni kushoto. Kija alikuwa amekata kushoto, kama inavyotakiwa. Ile kaya ya mtama ndiyo ilikuwa kulia.

Sikumwambia Kija. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ananishukuru, ananiita mwanaume. Aligeuza gari kurudi kwa mtoto wake.

Tulipopita pale njia panda, watu walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka mashambani. Wanawake wana mikeka kichwani. Mwanaume mmoja ana mzigo wa kuni. Walikuwa wanaingia uwanjani kwa mzee, wanakanyaga mtama wake, wanatandika. Mzee alikuwa anawauliza, mmoja mmoja, kofia bado mkononi. Nilisoma midomo yake. Nani amekufa kwangu?

Nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama mwanamke kijana na mtoto mgongoni.

Mwenye kuni aligeuka, akaiona Noah. Akaninyooshea kidole mimi.

"Usisimame," nikamnong'oneza Kija.

Hakusimama.

Gregory alifika saa kumi na mbili na robo, amenuna, akataka aone kwa macho yake. Kija akakaa kwenye usukani akiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa nyumba. Akakata kushoto mara tano pale uwanjani. Hazadi hazikuwaka. Gregory hakushukuru. Alisema tupime mara ya mwisho taa zote, asije akarudi.

"Kulia," Kija akaita.

Nikainama nyuma ya Noah kama kila siku, nikanyoosha kiganja nikinge kioo cha taa ya kulia. Kulikuwa na kiganja kingine hapo. Alama ya vumbi, vidole vimetandazwa. Niliifuta kwa shati. Haikufutika. Nikapitisha ukucha. Kioo kilikuwa kikavu na kisafi upande wangu.

Alama ilikuwa kwa ndani. Vidole vinne vizima, na kidole kidogo nusu.

Niliweka mkono wangu juu yake. Ulilingana.

"Shemeji," Kija akaita tena, anacheka. "Inawaka?"

Nikasema inawaka.